Vitabu vya Kuinamisha Vichwa

Kama ungepita mlangoni mwa saluni ya Mkono Mwepesi ukaona rafu ya vitabu imesimama kati ya ndoo ya maji na kioo kilichopasuka pembeni, ungesema, "Ama kweli, mwenye saluni hii ni msomi." Usingekuwa wa kwanza kukosea. Vitabu vile havikuwekwa pale kwa sababu ya elimu. Viliwekwa kwa sababu ya visogo.

Subiri nikueleze kabla hujacheka. Msusi wa mistari ana mahali pamoja panapomtesa, napo ni nyuma, chini kabisa ya kichwa, pale nywele fupi zinapojificha karibu na shingo. Ili azifikie, kichwa lazima kiiname, na kikishainama kitulie. Mtu mzima ukimwambia inama, anainama. Mtoto ukimwambia inama, anainama kwa muda wa kupiga chafya, kisha anainuka kuangalia nani amepita barabarani. Wako wasusi wanaosukuma kichwa cha mtoto kwa kiganja, na wako wanaokibana kwa magoti mpaka mtoto aone nyota mchana. Mkono Mwepesi hakuwa na roho hiyo.

Kazi alifundishwa na bibi yake, na bibi alikuwa na dawa yake. Mtoto akikaa kwenye kigoda, bibi alimwekea mapajani sinia la maharage yachambuliwe mawe. Kichwa kinainama chenyewe, nywele zinasukwa, na maharage yako tayari kwa chungu. Wazazi walisema bibi anatumikisha watoto wa watu. Bibi aliwajibu kwamba yeye hutumikisha mikono tu, vichwa anavihudumia bure. Kwa kweli hakuhudumia bure hata kimoja, lakini kila mtu alicheka na maharage yakaendelea kuchambuliwa.

Mjukuu alipofungua saluni yake mwenyewe, yenye viti viwili na mlango mmoja, hakuwa na maharage ya kutosha vichwa vyote vya mtaa. Bahati ikamjia kwa njia ya boksi. Mpangaji wa chumba cha jirani alihama, akaacha boksi la vitabu vya hadithi, vingine havina jalada, vingine vimechorwa masharubu kila picha. Mkono Mwepesi akachukua kimoja, akamwekea mtoto mkorofi kuliko wote mapajani. Kichwa kikashuka kikatulia.

Ila mtoto ni mtoto. Punde watoto wakagundua kwamba mtu anaweza kushika kitabu huku jicho likichungulia barabarani. Ndipo Mkono Mwepesi alipotoa sheria: anayesukwa anasoma, na anasoma kwa sauti. "Sauti ikinyamaza," alikuwa akisema, meno yameshika chanuo, "mimi huku nyuma najua kichwa kimeinuka." Sheria ya pili ilikuja baada ya vitabu kadhaa kwenda matembezi na kutorudi: kitabu hakitoki saluni. Sheria hizo mbili zilijulikana mtaani kuliko bei ya kusukwa.

Usoni watu walimwita Shangazi, wadogo kwa wakubwa, hata wale waliomzidi umri. Akiwa hayupo ndipo walipomwita Mkono Mwepesi, kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuna mtoto aliyewahi kulia kwenye kigoda chake. Jina hilo alilijua, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Basi hadithi zikawa zinampitia masikioni vipande vipande. Huyu anaanza ya sungura aliyefungua benki, nywele zinaisha, anaondoka. Yule anaanza ya mpishi wa jeshi aliyeogopa moto, nywele zinaisha, naye anaondoka. Shangazi alijua mianzo ya rafu nzima, na mwisho wa hata hadithi moja hakuujua.

"Dada, si usome mwenyewe?" mdogo wake alimuuliza siku moja. Huyo mdogo wake ndiye aliyefanya kazi kwenye kiti cha pili, na ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko vidole vyake. "Vitabu ni vyako, macho ni yako."

"Macho yangu ni ya nywele," Shangazi alijibu, akageukia kuosha machanuo ambayo yalikuwa safi.

Ukweli ni kwamba aliacha shule mapema, bibi alipoanza kuugua. Herufi alizijua. Maneno aliyapata pia, lakini kwa mwendo wa kobe, tena kobe aliyekula akashiba, na darasani aliwahi kuchekwa mpaka akaapa kwamba hatasoma tena mbele ya mtu. Jambo hilo hakumwambia yeyote, hata mdogo wake. Watu wakiona rafu ile walimwita msomi, naye alinyamaza tu, si uongo wala si kweli.

Sasa aje huyu binti.

Mlango wa pili kutoka saluni palikuwa na fundi cherehani, mama mwenye tepu shingoni na sauti inayofika kwa mteja kabla ya nguo yake. Alikuwa na binti mmoja ambaye neno lake la kwanza kwa kila kitu lilikuwa "sitaki." Uji? Sitaki. Kuoga? Sitaki. Mtaa ukamwita Bi Sitaki, na yeye akasema hilo jina hataki, likashika kabisa. Shuleni alikuwa akifanya vizuri hesabu, lakini ukifika wakati wa kusoma alijifanya anaumwa tumbo. Mwalimu wake alishamwambia mama kwamba mtoto ana akili, ila kitabu akikiona ni kama ameona dawa ya minyoo.

Siku alipoletwa saluni, alikaa kwenye kigoda amekunja mikono.

"Shika kitabu," Shangazi alimwambia.

"Sitaki kusoma."

"Nani amekwambia usome? Mimi nataka uiname tu. Kitabu ni cha kuinamia."

Binti akafikiri. Hilo hakuwa amelitegemea. "Na sauti?"

"Sauti ni ya kunijulisha kwamba bado umeinama. Ukitaka sema a, a, a mpaka nimalize, mimi sina neno."

Mdogo wake Shangazi alicheka kwenye kiti cha pili. Bi Sitaki akavuta kitabu kilichokuwa karibu, kimoja kisicho na jalada, akasema "a, a, a" mara kadhaa. Kusema a, a, a kunachosha haraka, jaribu mwenyewe uone. Akaangaza macho kwenye ukurasa, akaanza kuokota silabi moja moja: "Ki... a... tu. Kiatu. Cha ku... sho... to."

Ilikuwa hadithi ya mji ambao viatu vya kushoto vilikuwa vinapotea. Mwenye duka aliamka akakuta kiatu cha kulia kimebaki peke yake. Kesho yake mwalimu. Kesho kutwa askari aliyetumwa kumtafuta mwizi akawa anaruka kwa mguu mmoja sokoni. Bi Sitaki alisoma kwa kukwama, akirudi nyuma, akilitafuna neno mpaka liteleze. Hakuna aliyemsahihisha. Mdogo wake Shangazi alikuwa akibishana na mteja kuhusu rangi ya rasta, na Shangazi mwenyewe alikuwa na chanuo mdomoni na masikio wazi. Kusoma kwa namna ile alikufahamu vizuri, na kulimtuliza moyo kwa sababu ambayo hakutaka kuitafuta.

Watu wa mji ule walipomkamata fundi viatu, wakisema nani mwingine anayefaidika, Shangazi alifunga uzi mweusi kwenye ncha ya msuko wa mwisho. Bibi alimfundisha kumaliza kila msuko hivyo, kwa uzi na fundo dogo lisilofunguka. Ukitaka kulitoa, unauchomoa uzi mzima taratibu kwa sindano.

"Tumemaliza," alisema.

"Bado," alisema Bi Sitaki.

"Nywele zimekwisha, mwanangu."

Binti aliangalia kitabu, akaangalia kioo, akashuka kwenye kigoda. Mama yake alipokuja kumchukua alizisifu nywele mpaka barabarani.

Wiki haikuisha. Mama yule alirudi amemshika binti mkono, na kichwa cha binti upande mmoja kilikuwa kimefumuka, nywele zimesimama kama zimeshtuliwa. "Shangazi, hebu ona. Hata vumbi hazijashika."

Shangazi aliona aibu. Akamkalisha, akamsuka upya, hakudai kitu. Bi Sitaki alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akachukua kile cha viatu, akainama kabla ya kuambiwa. Fundi viatu akapelekwa mbele ya watu sokoni, akaulizwa alikokuwa, akakataa kusema. Nywele zikaisha.

Baada ya siku chache zikafumuka tena. Safari hii mama hakuja na upole. Alisimama mlangoni peke yake akasema kwa ile sauti yake, "Shangazi, siku hizi ukisukwa hapa, ukifika nyumbani unakuta nywele zimekutangulia kufumuka. Mkono umechoka, sema tujue!" Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakatazamana. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Neno likishatoka mdomoni mwa fundi cherehani, halirudi. Jioni hiyo hiyo lilikuwa limefika kwa muuza mkaa na kwa kinyozi wa kona. Mteja wa miaka mingi akapita saluni macho yake yako chini, akaenda kusukwa pale penye muziki mkubwa. Mdogo wake Shangazi alitaka kumfuata barabarani akamseme. Shangazi akamzuia.

Kilichomtisha Shangazi hakikuwa maneno ya watu. Lisemwalo lipo, na yeye alikuwa na sababu ya kuamini kwamba lipo. Tangu mwanzo wa mwaka, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikiamka na ganzi. Alikisugua kwa mafuta kila asubuhi kabla mdogo wake hajafika, kisha akaendelea na kazi. Na alikumbuka jinsi ilivyokuwa kwa bibi. Bibi hakuambiwa na daktari kwamba mikono yake imekwisha, aliambiwa na nywele. Misuko yake ilianza kulegea kwenye vichwa vya watu, wateja wakaacha kuja mmoja mmoja kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake mzuri, mpaka siku moja bibi akakaa na sinia la maharage akachambua mwenyewe. Shangazi alikuwa binti mdogo, na picha ile haikumtoka. Sasa aliona zamu yake imefika. Bila mikono ile hakuwa na kazi nyingine, na bila jina lile hakujua angekuwa nani.

Alianza kusuka kwa woga. Alivuta kila msuko, akaujaribu, akauvuta tena. Mteja mmoja akauliza kwa utani kama leo wanasuka au wanafunga mzigo kwenye gari.

Bi Sitaki aliporudi kusukwa safari ya tatu, kichwa bado kimefumuka nusu, Shangazi alisema moyoni kwamba nywele hizi zitakaa hata kama ni kwa kupigiliwa misumari. Akakaza. Binti alisoma. Mji mzima ulikuwa umemgeukia fundi viatu, na usiku uliofuata, naye akiwa amefungiwa ndani, kiatu kingine kikapotea. "Kwa hi... yo..." Binti akanyamaza.

"Soma," Shangazi alisema. Akavuta.

"Kwa hiyo mw... mwi..."

Tone likaanguka kwenye ukurasa. Shangazi akadhani ni maji ya nywele. Likaanguka la pili. Bi Sitaki alikuwa analia kimyakimya, kichwa kimeinama vilevile, kidole kikiwa bado kwenye mstari ili asipotee.

Mdogo wake Shangazi aliacha mkono hewani. Shangazi alisema, "Pole, pole mwanangu," akamalizia misuko iliyobaki, akamfuta uso kwa khanga. Binti aliweka kitabu kwenye rafu, akaondoka bila kusema sitaki. Na Mkono Mwepesi akaketi kwenye kigoda chake mwenyewe, kile kifupi cha wateja, akatazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Dada, mtoto mmoja tu amelia," mdogo wake alisema.

"Ndiye wa kwanza."

"Basi ni mmoja."

"Kwa bibi pia walianza na mmoja."

Mdogo wake akaenda dukani kununua sabuni ambayo hawakuihitaji.

Shangazi akakumbuka kitabu kimelowa machozi. Akakitoa kwenye rafu akianike dirishani kwenye jua. Alipokifungua pale palipokuwa pamelowa, kitu chembamba cheusi kikateleza kikaanguka mapajani mwake. Alidhani ni unywele. Akakishika.

Ulikuwa uzi, na kwenye uzi palikuwa na fundo la bibi, zima, halijakatwa wala kulegea.

Akafunua kurasa za nyuma. Pale fundi viatu alipokamatwa palikuwa na uzi, umelazwa katikati ya kurasa umenyooka. Pale alipopelekwa sokoni palikuwa na mwingine. Kila mahali nywele zilipoishia, hata hapa pa leo, palikuwa na uzi wenye fundo kutoka misuko iliyofumuliwa, umetolewa kichwani kwa uangalifu na mtu mwenye subira na sindano, na nadhani nyumba ya fundi cherehani haikosi sindano. Shangazi alipakumbuka mahali pale vizuri, maana kila safari na yeye alibaki na hamu.

Msuko ukilegea wenyewe, uzi unateleza unapotelea barabarani. Hautembei kwa miguu kurudi kitabuni kuonyesha ukurasa.

Mdogo wake aliporudi na sabuni alimkuta dada yake anacheka na machozi yanamtoka, ameshika nyuzi kama mtu aliyeokota pete. "Mkono ni mzima," Shangazi alisema. "Mkono wangu ni mzima! Asante Mungu. Asante, asante." Aliubusu mkono wake mwenyewe, mbele ya mteja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Hasira ilikuja pia, lakini ilichelewa, ikakuta nafasi imejaa shukrani, ikabidi isimame nje.

Akatoka na kitabu. Ndiyo, kitabu kikatoka saluni kwa mara ya kwanza, mikononi mwa mtunga sheria. Alimkuta Bi Sitaki amekaa chini ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya vitambaa, anashika kichwa chake pande zote mbili. Mama alikuwa anakanyaga cherehani. Shangazi akachuchumaa, akafungua kiganja, nyuzi zikaonekana.

Binti alitazama nyuzi, akamtazama Shangazi. Cherehani ikanyamaza.

"Nani amefumua nywele?" Shangazi aliuliza polepole.

"Mimi."

"Weee!" mama akasema juu ya meza. "Wewe ndiye? Na mimi nimesimama mlangoni kwa watu, nimepiga kelele mtaa mzima..."

"Mama, niachie," Shangazi alisema. Akamgeukia binti. "Kwa nini?"

Bi Sitaki aliongea haraka, kama mtu aliyekariri kwa siku nyingi. "Wewe umesema kitabu hakitoki. Na umesema anayesukwa ndiye anayesoma. Mimi nimeshasukwa. Sasa ningesomaje bila kufumua?"

Watu wazima wawili walitafuta kosa kwenye maneno hayo na hawakuliona. Ndiyo maana wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu zake alikuwa amezifumua mwenyewe.

"Si ungeniomba tu?" Shangazi alisema.

"Ungeuliza kwa nini nisisome cha shule." Binti akavuta kipande cha kitambaa akakikunja. "Shuleni nikisema ki-a-tu wanacheka. Kwako hawacheki. Wewe unasema soma, halafu unangoja."

Shangazi alitaka kusema jambo la busara, kama watu wazima wanavyotakiwa, akakuta ana la kweli tu. Alikuwa akimngojea mtoto yule kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kwenda kasi zaidi. "Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa nangoja kujua nani ameiba viatu. Mpaka leo silali vizuri. Twende ukaniambie. Na hizo nywele nilizikaza vibaya, nilikuwa na woga wangu ambao haukuhusu kichwa chako. Nitazifumua mimi mwenyewe."

"Utafumua?" Uso wa binti ulifunguka wote.

"Nitafumua zote."

Mama wa cherehani alishuka kwenye kiti chake. Yule mama ana makosa mengi, lakini hajui kufanya jambo nusunusu. Alisimama katikati ya barabara na tepu yake shingoni akatangaza kwa sauti ileile, wala haikupungua hata kidogo: "Jamani sikieni! Mkono wa Shangazi ni mzima! Aliyefumua ni huyu wa kwangu! Nilisema vibaya, sasa nasema vizuri!" Kinyozi wa kona alitoka na mashine mkononi kusikiliza. Muuza mkaa akapiga makofi bila kujua kwa nini.

Basi mchana ule Bi Sitaki alikaa kwenye kigoda, na Shangazi akafumua msuko mmoja mmoja kwa vidole laini, akapaka mafuta pale palipovimba, akaanza upya kwa mkono wake wa zamani. Ganzi ya kidole gumba ilikuwepo bado, aliisikia. Siku moja itakuja kudai mikono hii kama ilivyodai ya bibi. Lakini siku hiyo haikuwa leo, na kwa hilo alishukuru tena kimoyomoyo, kwa kila mstari aliouchora kwa chanuo.

Nywele zikaisha kabla ya hadithi. Shangazi alifunga uzi wa mwisho, akaweka mikono mapajani, akakaa. Binti aliinua uso kwa wasiwasi.

"Usiinuke," Shangazi alisema. "Soma."

Wateja waliokuwa kwenye benchi hawakulalamika. Hata yule wa miaka mingi alikuwepo, amerudi akijidai amepita tu. Bi Sitaki akasoma, silabi kwa silabi, na hakuna aliyemsukuma. Ikajulikana kwamba mwizi wa viatu alikuwa mtoto mdogo wa dereva wa lori. Baba yake alikuwa akiondoka kabla mtoto hajaamka na kurudi mtoto ameshalala. Siku moja mtoto akaficha kiatu cha kushoto cha baba ili abaki. Baba akaazima viatu vya mwenye duka, akaondoka. Usiku viliporudishwa, mtoto akaficha cha kushoto cha mwenye duka. Baba akaazima vya mwalimu. Na hivyo hivyo, mpaka mji mzima ukawa unaruka kwa mguu mmoja. Fundi viatu alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza, akanyamaza ili mtoto asipigwe.

"Baba a... ka... vua kiatu cha ku... lia pia. Aka... kaa chini. Aka... sema, leo si... endi." Binti alifunika kitabu. "Mwisho."

Mama wa cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa dakika moja tu kama alivyodai, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya tepu. Shangazi alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposikia hadithi mpaka ikaisha, akakuta ni siku za bibi, kabla ya shule. "Asante, mwanangu," alisema. "Umenilipa."

Bi Sitaki hakuwa mtu wa kukaa kwenye huzuni. Alimtazama Shangazi juu ya kichwa, kwenye kitambaa alichojifunga siku zote. "Shangazi, wewe nani anakusuka?"

"Kinyozi hajinyoi," Shangazi akajibu akicheka.

"Lakini kinyozi ana mdogo wake," alisema mdogo wake, na kabla dada yake hajajitetea alishavuliwa kitambaa na kukalishwa kwenye kigoda. Nywele zilizokuwa chini ya kitambaa kile sitazieleza, nina heshima zangu. Mdogo wake akachukua chanuo. "Inama."

Akainama. Ndipo kitu kikatua mapajani mwake. Bi Sitaki alikuwa amechagua kitabu kutoka rafuni, kile cha mpishi wa jeshi aliyeogopa moto, akakifungua ukurasa wa kwanza.

"Anayesukwa anasoma," binti alisema. Hakuwa anatania. Sheria ni sheria.

Wateja wa benchi walitulia kusikiliza msomi. Shangazi alitazama herufi. Maneno yale ya siku zote, kwamba macho yangu ni ya nywele, yalikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi, yakasimama hapo. Aliinua macho kidogo, akakutana na ya Bi Sitaki, ambaye alikuwa amechuchumaa mbele yake na mikono magotini, anangoja bila haraka, kama mtu aliyejifunza kungoja kwenye kigoda hicho hicho.

"M... pi..." Shangazi alisema. "Mpi... shi. Mpishi." Sauti ilikuwa ndogo. Chanuo la mdogo wake lilisimama kichwani. Hakuna aliyecheka. "Mpishi wa je... je..."

Akanyamaza.

"Shangazi," Bi Sitaki akanong'ona, "sauti ikinyamaza tunajua kichwa kimeinuka."

Mkono Mwepesi akainamisha kichwa, akaweka kidole kwenye mstari ili asipotee, akaendelea.